Siri ya mgonjwa siyo siri ya stoo ya dawa: napigwa danadana Tanga kwa swali moja

Mwanahabari wa Mwambao (mleta uzi)

Wagosi wa Tanga na wadau wengine wote, salaam. Uzi ni mrefu, mnivumilie, maana jambo lenyewe limenikaa kooni.

Nafanya kazi kwenye redio ndogo hapa mjini Tanga. Kipindi changu ni cha afya, kinaruka mara moja kwa wiki, na wanaonipigia simu zaidi ni kina mama wa Makorora, Mabawa, Duga, Mikanjuni, mpaka Pongwe huko. Miezi kadhaa sasa simu zao zinafanana. Mtu anasalimia, anashusha pumzi, halafu anasema: mwanangu alikwenda kujifungua, tukaambiwa sindano ya kuzuia damu imeisha, tukanunue duka la nje. Mwingine ni glavu. Mwingine kibana kitovu. Bibi mmoja alisema alitoka usiku na kanga zake kutafuta duka la dawa lililo wazi, alipolipata hela haikutosha, mwenye duka akamkopesha.

Malalamiko ya simu peke yake hayanitoshi kwenda hewani. Nikirusha hivyo hivyo naweza kuchafua kituo kizima chenye watu wanaojituma. Kwa hiyo nilikwenda kuthibitisha kwenye kituo kimoja kilichotajwa mara nyingi. Sitakitaja hapa.

Nilifika saa mbili na nusu asubuhi. Dirisha la dawa lina nondo na wavu, na foleni ilishafika kwenye mwembe. Nyuma ya mtoa dawa kuna rafu za mbao, na kwenye kila rafu zimening'inizwa kadi za stoo kwa uzi, kila dawa na kadi yake: tarehe, zilizopokelewa, zilizotolewa, salio. Kadi moja ilikuwa imegeukia dirishani. Mstari wake wa mwisho, kwenye salio, palikuwa na sifuri iliyozungushiwa kalamu nyekundu. Jina la dawa sikuweza kulisoma, lilikuwa limefunikwa na boksi.

Nikaingia kwa mganga mfawidhi. Mtu mkarimu, akanipa kiti, akaniuliza habari za nyumbani. Nikamuuliza: katika miezi sita iliyopita, oksitosini, ile sindano ya kuzuia damu, iliisha hapa kwa siku ngapi? Akanyamaza kidogo, akasema: "Dada yangu, hizo ni siri za wagonjwa. Siruhusiwi."

Tangu siku hiyo nimeambiwa niende kwa afisa habari. Afisa habari akataka barua ya mhariri. Nikapeleka barua ya mhariri, nikaambiwa mganga mkuu yuko kikaoni Dodoma. Aliporudi, swali langu "limepelekwa juu". Mwezi umeisha.

Kwa asiyejua kwa nini nang'ang'ania dawa hiyo moja: mama akishajifungua, mfuko wa uzazi unatakiwa usinyae ili mishipa ibane. Usiposinyaa anavuja damu, na kuvuja damu baada ya kujifungua ni miongoni mwa sababu kubwa za vifo vya wazazi. Oksitosini ndiyo sindano inayosaidia kuusinyaza. Inahifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, kwa hiyo friji ikizimika nayo inaharibika hata kama kwenye kadi inaonekana ipo. Na kwa sera yetu ya afya, mjamzito hatakiwi kulipia huduma ya uzazi. Sindano hiyo imeshalipiwa na umma.

Nauliza kwa moyo mmoja: chupa ya dawa ina siri gani ya mgonjwa? Kadi ya stoo haiandiki nani kachomwa. Wanaojua sheria, wahudumu wa afya, waandishi wenzangu, nisaidieni. Nakosea wapi?

Mgosi wa Lushoto

Pole dada. Huku milimani ni yale yale, ukiuliza unaambiwa kibali kutoka juu, na hiyo juu huwa haina ngazi. Lakini nakushauri ukitaje kituo. Kuwaficha ni kuwalinda.

Mwanahabari wa Mwambao

Mgosi, nimelifikiria sana hilo. Nikikitaja leo nina simu za wasikilizaji na sifuri moja isiyo na jina. Wauguzi wa pale watasemwa sokoni kwa jambo ambalo huenda limeanzia mbali kabisa na wao. Nikipata kadi, nitakitaja kituo na tarehe zake.

Nesi wa Zamu

Mleta uzi, naomba unisikilize na mimi wa upande wa pili. Nina miaka kumi na minne wodi ya wazazi, siyo Tanga mjini lakini mkoa huu huu.

Miaka ya nyuma alikuja mtu na simu akijitambulisha mwandishi. Wodi ilikuwa imejaa, wawili wawili kitandani. Akapiga picha. Kwenye picha alikuwamo binti mmoja ambaye mimba yake ilikuwa imeharibika, na nyumbani kwao hawakujua kama alikuwa na mimba. Uso ulionekana wazi. Siku ya tatu kijiji kizima kilikuwa kinajua. Msongamano ulikuwa wa kweli, habari ilikuwa ya kweli, lakini yule binti hakurudi tena kwetu, hata kwa dawa za kumalizia. Nilikwenda kwao mwenyewe siku ya mapumziko. Mama yake alinijibu akiwa mlangoni, hakunikaribisha ndani.

Sisi tukaitwa ofisini, tukaandikishwa maelezo mmoja mmoja: nani alimruhusu kuingia? Tangu hapo, nikimwona mtu na kinasa sauti, neno la kwanza linalonitoka ni siri ya mgonjwa. Nakiri kwamba nalitoa hata pale ambapo halihusiki. Ni ngao pekee niliyonayo.

Na nikuambie jambo jingine ambalo watu hawalijui. Kila mwisho wa mwezi tunafunga vitabu vya MTUHA, yaani rejesta za takwimu za huduma za afya. Kitabu cha 12 ndicho cha wodi ya wazazi: waliojifungua, waliopewa rufaa, waliofariki, watoto waliozaliwa wakiwa hai na waliozaliwa wamekufa. Nahesabu mstari kwa mstari, kwa rula, mara nyingi usiku baada ya zamu, maana ukikosea mmoja jumla inakataa. Namba zinapanda kwenye mfumo: halmashauri, mkoa, wizara. Sijawahi kuziona zikishuka. Sijawahi kuambiwa, sista, kituo chenu robo hii kiko hivi ukilinganisha na jirani. Kwa hiyo siyo ninyi waandishi tu mnaonyimwa. Hata mimi niliyezihesabu.

La mwisho. Tunaomba dawa Bohari ya Dawa kwa utaratibu, nyingine zinarudi zimeandikwa hazipo. Mwananchi anayeambiwa kanunue nje anaamini nesi kaiba kapeleka duka la shemeji yake. Nimetukanwa mbele ya watoto wangu kwa hilo. Karatasi za stoo zikiwa wazi, mtu wa kwanza kusafishika ni mimi.

Mwanahabari wa Mwambao

Dada Nesi, nimesoma mara mbili. Kwanza, kwa niaba ya taaluma yangu naomba radhi kwa yule binti. Uso wa mgonjwa haukuwa wa mwandishi kuutoa. Hakuna habari ya msongamano inayohitaji sura ya mtu. Idadi ya vitanda na idadi ya waliolala zinatosha.

Lakini hapo hapo ndipo hoja yangu ilipo. Kuna vitu viwili tumevifunga kwenye fundo moja. Kuna cha mgonjwa: jina, uso, ugonjwa, majibu ya vipimo. Hicho ni chake, na nikikitoa bila ridhaa yake nimemdhulumu. Halafu kuna cha kituo: dawa zilizoingia, siku zilizokosekana, fedha zilizopokelewa, wangapi walijifungua na wangapi walifariki. Hicho ni cha sisi sote. Fundo hili likifungwa makusudi, anayelindwa siyo mgonjwa tena.

Wenzetu wamelihangaikia hili kwa muda mrefu. Marekani wana sheria ya uhuru wa habari tangu 1966, na bado mwaka 1979 mahakama ya Florida ilizuia isitangazwe kila daktari analipwa kiasi gani na Medicare, ile bima ya serikali yao ya wazee. Sababu iliyotolewa ilikuwa faragha ya madaktari. Zuio likakaa zaidi ya miaka thelathini. Wamiliki wa gazeti la Wall Street Journal wakaenda mahakamani, zuio likaondolewa 2013, na Aprili 2014 malipo yakawekwa hadharani. Hakuna jina la mgonjwa hata mmoja lililotoka.

Kuna mfano ulio karibu zaidi na swali langu. Wakaguzi wao wakikuta kasoro hospitalini, wanaandika ripoti. Ripoti zilikuwa ni za umma tangu zamani, ila ulipaswa kuziomba kwa karatasi, moja moja, na kusubiri. Chama cha waandishi wa afya cha huko kiliwadai kwa miaka, na 2013 kikafungua tovuti ambayo mtu yeyote anatafuta hospitali ya mtaani kwake na kusoma kilichokutwa. Mgonjwa hatajwi kwa jina, lakini hospitali inatajwa.

Wakili wa Chumbageni

Nimepita, nimekuta mada inanihusu. Niweke mambo ya sheria kwa kifupi, ingawa si mafupi.

Katiba ya 1977, Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa wakati wote kuhusu matukio muhimu kwa maisha na shughuli za wananchi na masuala muhimu kwa jamii. Soma hapo: kila mtu. Haijasema mwandishi. Yule bibi yako wa kanga ana haki ileile uliyo nayo.

Kisha kuna Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya 2016, ya Tanzania Bara. Kifungu cha 5 kinatoa haki kwa raia kupata taarifa iliyo mikononi mwa mamlaka ya umma. Na si serikali peke yake: hata taasisi binafsi inayotumia fedha za umma inaguswa. Mkoa wetu una hospitali za madhehebu zinazofanya kazi kama hospitali teule za wilaya, kwa hiyo hilo ni la kuzingatia. Ombi ni la maandishi, na jibu linatakiwa mapema iwezekanavyo, lisizidi siku 30.

Sasa kosa lako, dada, naomba usichukie. Mwezi mzima umekuwa ukiuliza kwa mdomo na kwa barua ya mhariri inayoomba "ushirikiano". Ushirikiano mtu anaweza kukunyima. Hujawahi kuandika ombi chini ya sheria hiyo, kwa hiyo saa ya siku 30 haijaanza kuhesabu. Omba nyaraka, usiombe maoni. Usiandike "naomba kujua hali ya dawa". Andika: nakala ya kadi ya stoo ya dawa fulani, kuanzia tarehe fulani mpaka fulani. Maoni yana msemaji wake, lakini nakala ya kadi mtu anaweza kuitoa bila kusema neno.

Siri za wagonjwa ni kweli zinalindwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inalinda taarifa za mtu, na za afya zimo. Lakini jina lake linajieleza: binafsi. Stoo si mtu.

Na kwa mhariri wako, kama anaogopa takwimu: ni kweli marekebisho ya 2018 kwenye Sheria ya Takwimu yaliwatia watu hofu, kwa sababu yalifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na za serikali. Yalirekebishwa tena 2019 na adhabu ile ikaondolewa. Wengi walisikia la kwanza, la pili halikuwafikia.

Udhaifu wa sheria sitauficha. Ukikataliwa, unaomba mapitio kwa mkuu wa taasisi iliyokukatalia, na ukitoka hapo unakwenda kwa Waziri. Hakuna chombo huru katikati. Kwa mtu wa Tanga, rufaa ya glavu kwa Waziri ni safari ndefu.

Wakala wa Horohoro

Mimi kazi yangu ni kugomboa mizigo mpakani, sheria siijui sana, ila ndugu zangu wako Lungalunga upande wa pili na tunazungumza. Kenya nao walitunga ya kwao mwaka huo huo 2016. Wao ni siku 21, na kama taarifa inahusu uhai au uhuru wa mtu ni saa 48. Akigomewa anakwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala. Sisemi kwao hawanyimwi, wananyimwa sana tu. Ila saa 48 kwa jambo la uhai, hilo nimelipenda. Mama anayevuja damu hana siku 30.

Mwanahabari wa Mwambao

Wakili, sijachukia hata kidogo. Umeniumbua kwa heri. Leo leo naandika.

Na Wakala, hiyo ya saa 48 nitaisema hewani.

Mzee wa Ngamiani

Wanangu, hamjambo. Nimestaafu ualimu, nasoma nyuzi zenu kila jioni.

Mkoa huu una historia na karatasi za habari. Pale Magila, Muheza, wamisionari walikuwa wanachapa gazeti la Kiswahili tangu miaka ya 1890, na hapa Tanga shule ya serikali ya Wajerumani ilikuwa na lake, Kiongozi, kabla ya vita kuu ya kwanza. Watu wa pwani wamezoea kusoma na kuuliza.

Nataka kusema juu ya kimya. Mwaka 2020 korona ilipoingia tulikuwa tunapewa hesabu. Zikafika wagonjwa 509 na vifo 21, kisha zikasimama. Zikakaa hivyo mpaka katikati ya 2021. Mwaka ule nilikwenda mazikoni mara nyingi. Kila mahali watu wanaulizana kwa kunong'ona, marehemu alikuwa anaumwa nini, na anayejibu anaangalia chini. Kila mtu akawa na hesabu yake kichwani. Mmoja anasema hakuna kitu, mwingine anasema mji unaisha. Wote wawili walikuwa wanadhani tu. Hofu ya namna ile sijaiona tangu nizaliwe, na haikuwa ya ugonjwa pekee, ilikuwa ya kutojua.

Januari 2025 mkaona tena Kagera. Tarehe 14 Shirika la Afya Duniani likatoa taarifa ya kushuku ugonjwa wa Marburg, ule wa virusi vya kuambukiza, huko Biharamulo. Baada ya hapo wizara ikasema sampuli hazikuonyesha. Tarehe 20 Rais mwenyewe, akiwa na mkuu wa shirika hilo Dodoma, akatangaza kwamba umethibitika. Mjukuu wangu ni utingo wa basi la mikoani. Siku zile sita alinipigia mara tatu: babu, nishike mzigo wa abiria au nisishike? Nilikuwa sina la kumjibu.

Kwa haki niseme pia, mara ya kwanza Kagera ilipopata Marburg, Machi 2023, wizara ilitangaza mapema na hesabu zilitolewa mpaka ilipomalizika Juni. Kwa hiyo kutangaza wanakuweza.

Mwanahabari wa Mwambao

Shikamoo Mzee. Maneno yako ya kutojua nimeyaandika kwenye daftari.

Uwezo wa kutangaza upo kweli. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya wazazi vimeshuka hadi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 kwenye ule wa 2015/16. Ni hatua kubwa na nilifurahi kuisoma hewani. Lakini namba ya taifa haimwambii mama wa Duga kama kituo anachokwenda kesho kina oksitosini kwenye friji. Ile ya kituo ipo, Nesi ametuambia anaihesabu kwa rula.

Mwalimu wa Pangani

Mimi nitasema lisilopendeza. Waandishi wenyewe mnachangia. Tunawaona kwenye uzinduzi wa jengo, mnapanga mstari, mnasubiri posho, mnaondoka na hotuba ya mgeni rasmi. Ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu inatoka kila mwaka, inawekwa bungeni mwezi Aprili, ni waraka wa wazi, na humo kuna halmashauri na kuna Bohari ya Dawa. Ni wangapi kati yenu wameshafungua kurasa za halmashauri zao? Mkutano wa baraza la madiwani ni wa wazi. Mnakwenda pale tu ambapo pana ugomvi.

Halafu kila kituo kina kamati ya usimamizi yenye wajumbe wa kuchaguliwa kutoka kwa wananchi. Dawa zikishushwa kwenye gari, wajumbe wanaitwa kushuhudia mapokezi na wanasaini. Mleta uzi, umewahi kumtafuta mjumbe?

Mwanahabari wa Mwambao

Mwalimu, sijawahi. Miaka saba ya kipindi cha afya na sijawahi kumhoji mjumbe wa kamati ya kituo hata mmoja. Nimekaa na hilo tangu jana.

Leo mchana nimempata mmoja, ni fundi cherehani. Aliendelea kukanyaga cherehani wakati tunazungumza. Anasema gari likija anapigiwa simu, anaacha kazi, wanafungua maboksi mbele yake na kulinganisha na hati ya mzigo. Nikamuuliza zile dawa ambazo zimeombwa na hazikuja, anaziona? Akasimamisha mguu. "Naziona. Zinaandikwa hazipo. Lakini mimi nasaini zilizokuja." Hajawahi kuulizwa na mtu wa mtaani kwake, wala hajawahi kufikiri kwamba anaruhusiwa kuwaambia.

Mwanahabari wa Mwambao

Mrejesho wa ombi.

Nimepeleka leo asubuhi, mimi mwenyewe, nakala mbili. Masjala karani alipokea vizuri, akaandika kwenye daftari, akagonga mhuri kwenye nakala yangu. Nikaangalia mhuri: tarehe ya jana. Hawakuwa wameuzungusha tangu walipofungua ofisi. Zamani nisingejali. Nikakumbuka siku 30 za Wakili, nikamwomba kwa upole arekebishe, kwa sababu sitaki kesho mtu aseme karatasi hii ina walakini. Akachukua mhuri, akausogeza kwa kucha, akaujaribu kwenye gazeti la zamani, kisha akanigongea upya na kuweka saini pembeni. Akaniuliza, "Hii ndiyo ile sheria ya taarifa?" Nikasema ndiyo. Akasema ni barua ya kwanza ya aina hiyo kuipokea.

Nilimtajia kila mtu jina langu kamili na redio yangu. Sikutaka ionekane natega mtu.

Nesi wa Zamu

Nimefurahi kwa huo mhuri. Kwetu nimemwonyesha mfawidhi wangu uzi huu. Hajasema kitu, ila ameomba nimtumie ule ujumbe wa Wakili.

Mwanahabari wa Mwambao

Wakuu, jibu limetoka. Siku ya 26, nilipigiwa simu nikachukue.

Kurasa tatu. Niliomba vitu vitatu, nimepewa viwili. Nakala za kadi ya stoo ya oksitosini na ya glavu kwa miezi sita zimo, na hakuna jina la mgonjwa hata moja, kama tulivyojua tangu mwanzo. Vipindi viwili salio lilikaa sifuri zaidi ya wiki nzima. Waliopiga simu studio walikuwa wanasema kweli. Pili, nakala ya maombi ya dawa. Kituo kiliomba kwa wakati, mara zote mbili. Dawa ndiyo haikuja. Mganga mfawidhi aliyeniambia siri za wagonjwa alikuwa amekalia karatasi inayomtetea, na wauguzi wake wametukanwa miezi yote hiyo.

Nilimpigia kabla ya kwenda hewani. Alinyamaza muda mrefu kwenye simu, kisha akasema njoo, tutazungumza na kinasa sauti chako. Kipindi kimeruka Alhamisi, kituo kimetajwa kwa jina kama nilivyomwahidi Mgosi. Fundi cherehani alikuwepo studio.

Kitu cha tatu, yaani fedha ambazo kituo kilipokea na zilivyotumika robo ile, nimejibiwa kwamba "taarifa hiyo itatolewa na mamlaka husika". Mamlaka husika ndiyo niliyoiandikia. Leo nimepeleka ombi la mapitio kwa mkuu wa taasisi, mhuri upo, tarehe ni sahihi.

Mwalimu wa Pangani ameniomba faraghani nimpe mfano wa barua, kamati ya kituo chao inataka kuandika. Naiweka hapa ili kila mtu aichukue:

*Kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Yah: Ombi la taarifa chini ya Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa, namba 6 ya 2016. Mimi ni raia wa Tanzania, mkazi wa kata ya ______. Naomba nakala za nyaraka zifuatazo za kituo cha ______, kuanzia tarehe ______ hadi tarehe ______: kadi ya stoo ya dawa ya ______, fomu za maombi ya dawa hiyo kwenda Bohari ya Dawa na majibu yake, taarifa ya mapato na matumizi ya kituo kwa robo husika. Siombi jina wala taarifa yoyote ya mgonjwa. Pale ambapo jina la mgonjwa limeandikwa, naomba lifutwe kabla ya kutoa nakala. Niko tayari kulipia gharama ya kutoa nakala. Nimeambatanisha nakala ya kitambulisho changu. Nitakuja masjala mwenyewe kuchukua majibu.*